Fulana ya Eddie na tumbo la Shing'weng'we

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana wanne hapa Ng'ambo, Tabora, tunaopenda roki na hevi metali. Fulana za bendi tunazipata kwenye mitumba. Juzi baba mdogo ameniambia niivue fulana yangu ya Iron Maiden, ile yenye yule mfu anayecheka, kwa kuwa ni ya kishetani na haiingii ndani kwake. Nikamjibu kuwa bibi alitusimulia Shing'weng'we anayemeza watu na hakuna aliyelalamika, na kwamba hata hadithi za Kizungu za watoto zilikuwa damu tupu kabla hazijasafishwa kwa ajili ya katuni. Akasema zile ni hadithi, hii ni nguo. Nani yuko sahihi? Pia mwenzetu mmoja ameokota fulana iliyoandikwa Burzum, ina picha ya kijivu ya jengo la mbao lililoungua, hatuijui. Na mwingine anashikilia kwamba mtu asiyejua nyimbo tatu za bendi hana haki ya kuvaa fulana yake.

JIBU: Marahaba, kijana wangu.

Baba yako mdogo ana hoja nzuri kuliko yako, ila ameitumia vibaya. Aliposema zile ni hadithi na hii ni nguo, aligusa penyewe. Alipoongeza kuwa nguo hiyo ni ya kishetani, alikuwa anakisia picha asiyoijua. Wewe nawe umeleta ushahidi ambao nusu yake ni kweli na nusu ni porojo za mtandaoni. Tuanze na huo ushahidi, maana una utamu wake.

Inasemwa sana kwamba hadithi za kale za Ulaya zilikuwa za kutisha mwanzoni, kisha wakaja watu wapole wakazisafisha. Kwa ndugu Grimm, Jacob na Wilhelm, Wajerumani waliokusanya hadithi hizo, mambo hayakunyooka hivyo. Juzuu yao ya kwanza ilitoka Berlin mwaka 1812, ya pili mwaka 1815, nao wakaendelea kuzirekebisha hadithi hizo mpaka toleo la saba la mwaka 1857. Walichokimbilia kufuta ni mambo ya mimba. Katika toleo la 1812, Rapunzel aliyefungiwa mnarani anamuuliza yule bibi aliyemfungia kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, na mama yeyote anayesoma anajua mara moja mwana wa mfalme alikuwa akipanda mnarani kufanya nini. Matoleo ya baadaye hayana swali hilo. Damu haikuwasumbua kiasi hicho. Malkia katika hadithi ya Snow White anavishwa viatu vya chuma vilivyochomwa vikawa vyekundu, acheze navyo mpaka aanguke afe, na adhabu hiyo ilibaki hadi toleo la mwisho. Katika Cinderella, dada mmoja anajikata kidole cha mguu na mwenzake anajikata kisigino ili kiatu kiwaingie. Hayo yalikuwamo tangu mwanzo. Lakini wale njiwa wanaowadonoa macho siku ya harusi hawakuwamo mwaka 1812. Waliongezwa mwaka 1819. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba hadithi zilianza na damu kisha zikaoshwa, ujue kuna mahali kitabu kilioshwa kwa kuongezwa damu.

Kitu kingine walichobadilisha ni mama. Katika toleo la kwanza, anayetaka mapafu na ini la Snow White aletewe ayapike ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa mama wa kambo. Mama wa Hansel na Gretel, aliyeshauri watoto wakaachwe msituni kwa sababu ya njaa, naye akawa wa kambo katika toleo la 1840. Heshima ya mama mzazi ikalindwa, na mzigo akatwishwa mama wa kambo, ambaye hata kwenye tamthilia zetu za televisheni hajautua mpaka leo. Mimi nililelewa na mama wa kambo, mwanamke mwema kabisa, na jambo hilo huniudhi kuliko viatu vya moto.

Sasa fika hapa polepole. Toleo la 1812 lilikuwa na hadithi moja fupi ya watoto waliocheza mchezo wa mchinjaji: mmoja akawa mchinjaji, mmoja nguruwe, wengine wapishi, na yule wa kwanza akamchinja kweli mwenzake. Anapelekwa mbele ya hakimu, hakimu anamwekea tofaa mkono mmoja na sarafu mkono wa pili. Akichukua sarafu atauawa, akichukua tofaa ataachiwa. Mtoto anachukua tofaa huku anacheka, wanamwachia. Rafiki wa akina Grimm, mshairi Achim von Arnim, aliwaletea malalamiko ya mama mmoja kwamba kitabu chenye hadithi hiyo hawezi kukiweka mikononi mwa wanawe. Wilhelm akajitetea kwamba hadithi hiyo hiyo alisimuliwa na mama yake akiwa mdogo, na ilimfanya awe mwangalifu katika michezo. Hata hivyo toleo lililofuata halikuwa nayo.

Wote wawili walisema kweli. Wilhelm aliipokea kutoka kinywani mwa mama yake, jioni, nyumbani, na mama aliona uso wa mtoto wakati akisimulia. Yule mama mwingine aliiona kwenye karatasi, ambako mtoto angeweza kuifikia peke yake. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini msimulizi alikuwa ameondoka.

Rudi sasa kwa bibi yako na Shing'weng'we. Hadithi ya Masala Kulangwa ni ya Wasukuma, na sisi wa upande huu wa Unyamwezi tumekua nayo. Zimwi linameza watu wote wa dunia na mifugo yao, linabaki na mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Anazaa mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa, mtoto anakua, anauliza watu wengine wako wapi. Akiambiwa kuna Shing'weng'we, anaanza kuwinda: leo panzi, kesho ndege, keshokutwa mnyama, na kila akirudi anauliza, mama, ndiye huyu? Mama anajibu, bado mwanangu. Mwisho analiua lenyewe, analipasua tumbo, na watu wote wanatoka wazima. Umeona linavyofanana na mbwa mwitu wa msichana wa kofia nyekundu? Katika kitabu cha Mfaransa Charles Perrault cha mwaka 1697 mbwa mwitu anamla msichana na hadithi inaishia hapo, haji mtu kumwokoa. Kwa akina Grimm anatokea mwindaji na mkasi, anapasua tumbo, msichana na bibi yake wanatoka. Hadithi yetu imewatoa watu wa dunia nzima, halafu ikaongeza jambo ambalo mwandishi wa katuni asingelifikiria: katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru anakasirika na kumroga aliyemwokoa. Usiulize kwa nini. Umeishi mtaani, unajua kwa nini.

Sehemu ya panzi na ndege ndiyo inayofanya kazi kubwa. Mtoto anayesikiliza hakutani na zimwi ghafla. Analikaribia kwa hatua, na bibi ndiye anayeamua hatua ziwe ngapi. Nimemwona mama mkubwa wangu akiongeza wanyama watatu kwa sababu wajukuu walikuwa wanafurahia, na usiku mwingine akiliua zimwi mapema kwa sababu mdogo wao alianza kujikunyata. Kabla ya yote wasikilizaji wenyewe wameikaribisha kwa sauti: hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Mwishoni mlango unafungwa. Katika hadithi za Waswahili wa Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapa London mwaka 1870, kuna msimulizi anayemaliza kwa kusema kwamba ikiwa hadithi ni njema basi ni yetu sote, na ikiwa ni mbaya basi ubaya ni wake peke yake aliyeitoa. Maneno hayo nayapenda sana. Mtu amekutisha, kisha anajitwika lawama ya kukutisha.

Hata katika ngoma zetu ndivyo ilivyo. Chama cha Wayeye, wanaocheza na nyoka huku Unyamwezini na Usukumani, kinamtoa mchezaji na chatu mwilini mbele ya watoto, na hakuna anayesema ngoma hiyo ifungwe. Mtazamaji anajua kuwa hawa ni watu waliofundishwa nyoka na dawa zake, wana wakubwa wao, na wakimaliza nyoka anarudishwa mahali pake.

Fulana haina mama mkubwa. Inatembea sokoni mchana, inaingia ukumbini kwa baba mdogo bila kubisha hodi, inamtazama mgeni, mgonjwa na mtoto wa miaka miwili kwa namna ileile, na hakuna aliyeikaribisha. Hilo ndilo baba yako mdogo alilolihisi. Hana neno la kulieleza, akachukua lililokuwa karibu, ushetani.

Kuhusu ushetani wenyewe, tumtendee haki Eddie. Iron Maiden ilianzishwa London mwaka 1975 na mpiga besi Steve Harris. Yule mfu anaitwa Eddie, alichorwa na Derek Riggs, na alionekana kwenye jalada la albamu yao ya kwanza mwaka 1980. Tangu hapo amekuwa askari, firauni, mgonjwa wa akili aliyefungwa minyororo, na nani sijui. Yeye ni mhusika wao wa kudumu kama Sungura alivyo wetu. Kelele za ushetani zilikuja na albamu ya mwaka 1982, The Number of the Beast. Huko Marekani vikundi vya kidini viliandamana na kuchoma sahani zao. Harris alieleza kwamba wimbo wenye jina hilo ulitokana na jinamizi aliloota baada ya kutazama filamu ya kutisha, pamoja na shairi la Mskoti Robert Burns la mwaka 1791 liitwalo Tam o' Shanter. Na hilo shairi ni ngano tupu. Tam ni mlevi, siku ya soko amekaa kilabuni mpaka usiku wa manane wakati mkewe anamsubiri nyumbani amekunja uso. Anapanda farasi wake katika mvua na radi, anapita kwenye kanisa bovu la Alloway, anaona taa zinawaka, wachawi wanacheza na Ibilisi mwenyewe anawapigia zumari. Badala ya kupita kimya, anamshangilia kwa sauti binti mmoja aliyevaa shimizi fupi. Taa zinazimika, kundi zima linamfukuza. Anaponea darajani, kwa kuwa wachawi hawavuki maji yanayotiririka, lakini farasi wake anaacha mkia mikononi mwa yule binti.

Na jalada la albamu hiyo, ukilitazama vizuri, lina umbo dogo linalochezeshwa kwa nyuzi na shetani kama karagosi, na juu yao Eddie anamchezesha shetani vilevile. Si picha ya ibada. Mtu anaweza kusema haimpendezi, na ni haki yake, lakini hawezi kusema anamsujudia shetani mtu ambaye amemgeuza shetani mwanasesere.

Hapo ndipo ninapotofautiana na baba mdogo: yeye anadhani utisho wa picha unaonyesha kilichomo. Chukua fulana nyingine ambayo najua inapatikana sana kwenye mitumba, nyeusi, ina mistari myeupe inayopanda na kushuka kama safu za milima. Angekuruhusu uivae mpaka msikitini. Ni jalada la albamu ya kwanza ya Joy Division ya Uingereza, ya mwaka 1979, na mistari ile ni mapigo ya redio ya nyota ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, mwaka 1967. Mpaka hapo ni sayansi safi. Lakini jina la bendi lilitolewa katika riwaya inayohusu wanawake waliofanywa makahaba kwa nguvu katika kambi za Wanazi. Kati ya fulana hizo mbili, yenye kisa kizito zaidi ndiyo isiyo na fuvu.

Ndiyo maana nimeshtuka kusoma habari za fulana ya mwenzenu. Burzum ilikuwa bendi ya mtu mmoja wa Norway. Picha ya kijivu ya jengo la mbao lililoungua ni ya kanisa la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, lililoteketezwa kwa moto Juni 1992. Ilitumika kama jalada la rekodi yake iliyotoka mwaka uliofuata, na neno la Kinorwe lililo juu yake maana yake ni majivu. Si mchoro. Hakuna Derek Riggs hapo, wala Tam na farasi wake. Kanisa lilikuwepo, watu walisali humo, likachomwa. Mwenye bendi hiyo alihukumiwa mwaka 1994 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kwa kuchoma makanisa mengine. Kwa fulana hiyo siwezi kukupa utetezi nilioutoa kwa Eddie, kwa sababu ule wote unasimama juu ya kuwa jambo ni la kubuni na kila mtu anajua ni la kubuni. Mwenzenu hakujua, hana kosa. Ila sasa anajua.

Msichukulie kuwa hevi metali yote ina mkia huo. Botswana kuna mashabiki wanaovaa ngozi na vyuma kwenye jua la Kalahari, na bendi ya Skinflint ya Gaborone inachota mambo yake katika imani na masimulizi ya Kiafrika. Ningependa siku moja nione mtu wa Tabora akimchora Shing'weng'we kifuani, lile tumbo limepasuliwa na yule bibi kizee ameshika sikio lake kwa hasira. Hiyo ningeinunua mpya, kwa bei ya dukani.

La nyimbo tatu nitalipita haraka. Mji huu ulitoa Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na shabiki alijulikana kwa kuingia uwanjani kucheza. Mtihani wa mlangoni haukuwepo. Mwendesha bodaboda aliyevaa Metallica kanunua fulana kwa sababu ni nzito, haichuji na inaficha vumbi na oili. Mwacheni. Mkiona anaipenda rangi yake, mwekeeni wimbo mmoja kwenye simu yake, mtapata shabiki wa tano. Mkimhoji, mtabaki wanne.

Kwa baba mdogo fanya hivi. Usiivae ndani kwake, wala usibishane tena kuhusu hilo; nyumba ni yake na hajakukataza kuivaa barabarani. Msibani usiivae popote pale, kwa sababu mwenye kufiwa hana nafasi ya kusikiliza kwamba mfu wako anacheka kwa ubunifu. Kisha chagua jioni moja ametulia, umevaa shati lako la kawaida, umsimulie Tam: kilabu, mvua, kanisa, shimizi, daraja, mkia. Usitaje bendi mpaka mkia ung'oke. Kama namfahamu mtu wa umri wake, atacheka sana kwenye sehemu ya mke aliyekunja uso, na atakuwa na mlevi wake wa mtaani wa kumlinganisha naye. Hapo ndipo umwambie kuwa kisa hicho kilichangia wimbo wa bendi ya fulana ile, umletee aione kwa mkono badala ya kifuani. Anaweza bado akasema hapana. Angalau atakuwa amesema hapana kwa Eddie mwenyewe.

Na mwenye ile ya Burzum asiiuze tena sokoni, ataiangukia mtu mwingine asiyejua. Fulana za mtumba za aina hiyo huwa pamba nzuri. Aikate vipande, ampe huyo huyo wa bodaboda akafutie pikipiki.